Kisogo cha Bwana Mkubwa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Salamu hiyo nimeiandika nikiwa nimesimama, kwa adabu, na sasa naketi niendelee. Goti lako linaendeleaje? Lile la kushoto, linalojua habari za mvua kabla ya redio. Na jirani yako mwenye kuku, mmeshapatana au bado mnasalimiana kwa kukohoa? Sisi huku wazima. Dada mzima, shemeji mzima, mjukuu wako anakula na kulala kama mtu aliyestaafu kazi ngumu. Mimi nami ni mzima wa mwili, na uzuri ndio kwanza unazidi; wateja wanasema nikisimama mbele ya kioo, kioo kinaona haya. Hilo sikulisema mimi, limesemwa.

Najua umeshtuka kupata barua yangu ya pili kabla mwezi haujaisha, mimi ambaye ukipata mbili kwa mwaka unawaita majirani waje kushuhudia. Tulia, Mama. Hakuna msiba. Ila kuna neno, na neno lenyewe sikupi sasa hivi, maana nikikupa sasa hutasoma yaliyobaki, utafunga mzigo uje kunichapa. Nisome kama unavyokunywa chai ya moto: pembeni kwanza.

Chumba chetu cha kazi unakijua kwa kusikia tu. Ni kile cha mbele, kinachotazama barabara. Penye dirisha kuna cherehani ya shemeji, kwa sababu fundi nguo anataka mwanga wa kutungia uzi. Penye mlango, upande wa pili, kuna kiti changu cha kunyolea, kwa sababu kinyozi anataka kuonekana. Apitaye njia amwone mtu akiingia na kichwa kama kichaka na kutoka kama sufuria mpya. Katikati yetu ndipo dada alipokiweka kitanda cha mtoto baada ya likizo yake ya uzazi kwisha. Yeye anaingia kiwandani asubuhi, anapanga sabuni kwenye makasha mpaka saa tisa, na Bwana Mkubwa anashinda na sisi wanaume wawili. Bwana Mkubwa ndilo jina tunalomwita mjukuu wako, maana hana kazi yoyote na wote tunamtumikia. Akilala chali, kushoto kwake yuko baba yake na cherehani, kulia kwake niko mimi na wembe. Fikiria, mtoto wa miezi minne analelewa na mkasi na wembe, na bado ananenepa!

Sasa nikukumbushe jambo unalolijua kuliko mimi. Mimi ni kitindamimba, na kitindamimba hagawi. Ulipokuwa ukitoka alfajiri kwenda kazini, dada ndiye aliyenilea. Alinibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikawa inaburuza chini, na watu walipomwuliza mbona anambeba mzee mzima, alijibu kwamba huyu ni wa jana tu. Vichekesho vyangu vyote alivicheka mpaka akashika ubavu. Kikombe cha bluu kilikuwa changu. Kisha akaja mtu mrefu, mpole, futi imemning'inia shingoni, akampima dada kwa ajili ya gauni la kazini, na nadhani alipima mpaka moyo. Tangu siku hiyo dada ananicheka kwa mdomo tu, macho yako kwa mwenye futi. Chai ikiiva, ya kwanza ni ya shemeji. Na kikombe cha bluu, Mama, leo kinanywewa na mtu mwenye shingo kama twiga!

Ubaya wa shemeji ni kwamba hana ubaya. Angekuwa mlevi ningemchukia kwa raha zangu. Lakini nilipofika huku na begi moja na mashine ya kunyolea iliyokufa, yeye ndiye aliyekigawa chumba chake nusu kwa nusu, akanipa upande wa mlango. Hata barua zangu kwako huzipitia yeye kwanza, kwa ile penseli yake nyekundu ya kuandikia vipimo, anazirudisha kundini herufi zilizopotea. Ndiyo maana ulikuwa unaniona naandika kama mtu aliyemaliza shule, wakati shule niliiacha kabla haijaniacha. Barua ya mwanzoni mwa mwezi ndiyo pekee ambayo hakuiona. Ulimwandikia dada kwamba mwandiko wangu umeharibika ghafla, na hukukosea. Niliificha ndani ya boksi la nyembe, nikaipeleka posta mwenyewe.

Basi mtoto alipozaliwa nilijiambia: haya, dada ameshakwenda, lakini huyu mdogo mimi ndiye mjomba wake, huyu ni fidia yangu. Nilimpania. Nepi nilibadilisha mimi, maana shemeji, pamoja na sindano zake zote, anaogopa pini za nepi. Nilimpigia miluzi, nikamchezea dansi na ufagio, nikajipaka poda uso mzima mpaka mteja mmoja akarudi nyuma. Lakini alipofika miezi miwili, macho yake yalipoanza kushika vitu, Bwana Mkubwa alichagua cherehani. Lile gurudumu likizunguka na kung'aa, na kanyagio likisema taka-taka-taka, mtoto anageuza shingo, anakodoa, anatoa ulimi kwa furaha. Tabasamu lake la kwanza aliligawa upande wa dirisha. Shemeji alisimamisha kazi akawaita wapita njia waje waone. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha mwalimu mmoja wa hesabu; mkono ukateleza, na mwalimu wa watu akaenda darasani na njia ya panya juu ya sikio.

Mimi alinipa kisogo. Kutwa nzima nakitazama kisogo. Kilikuwa kisogo kizuri, Mama, cha mviringo, na nilikichukia.

Baadaye kidogo mambo yakageuka. Ikawa ukiingia asubuhi unamkuta mtoto uso upande wa mlango, macho kwangu, na ukirudi saa sita yuko hivyohivyo. Nikatamba kwa kila aliyekaa kitini. Niliwaambia damu ya mjomba ni sumaku, niliwaambia mtoto ana jicho la kujua mtu wa maana. Shemeji aliposikia wala hakununa. Alisema kumbe mwanawe ameanza kupenda urembo, akacheka, akaendelea na pindo lake. Ndivyo alivyo. Hata wivu hana! Mtu gani hana wivu?

Ilikuwa siku ya mapumziko, dada anamwogesha mtoto kwenye beseni, akapitisha kiganja kisogoni. Akapitisha tena. Akaniita mimi kabla ya kumwita mumewe, kwa sababu katika nyumba hii mtaalamu wa vichwa ni mimi, na sikufichi kwamba hata katika saa ile nilivimba kwa sifa. Aliniambia nishike hapa, kisha nishike pale. Kisogo upande wa kushoto kilikuwa cha mviringo kama siku zote. Upande wa kulia kilikuwa bapa, kama mkate uliolaliwa na mkate mwenzake. Nikamtazama kutoka juu, kama ninavyowatazama wateja, nikaona na sikio la kulia limesogea mbele kidogo, kama la mtu anayetega umbea. Dada alianza kulia maji ya sabuni yakiwa bado yanamdondoka mikononi. Alisema mtoto amembonyea na yeye yuko kiwandani anapanga sabuni za watu. Aliuliza kama akili nayo inabonyea. Aliuliza watoto wenzake watamwita nani.

Ushauri ukamiminika kama bomba limepasuka. Mama wa nyumba ya pili alisema kichwa kikandwe, mpangaji wa juu akasema kisiguswe kabisa, na fundi viatu akatuliwaza kwamba mwanawe naye alikuwa hivyohivyo na leo ni mwanasheria. Lakini huyo mwanasheria mimi ndiye ninayemnyoa, Mama, na kusema kweli hatukuliwazika.

Shemeji yeye alishika kazi. Alitoa futi shingoni akampima mtoto kwa mshazari: kutoka pembe ya kulia ya paji la uso mpaka kisogo cha kushoto, kisha kutoka pembe ya kushoto mpaka kisogo cha kulia. Tofauti ilikuwa nusu inchi kasoro uzi. Akafungua daftari lake la vipimo, chini ya suruali ya karani mmoja, akaandika kwa penseli nyekundu: Bwana Mkubwa, kichwa. Kila Jumapili anapima na kuandika. Halafu akamshonea kofia ya kitambaa laini ya kutokea nje, ndani yake upande wa kulia ametia pamba kidogo, ili kwa mtazamaji kichwa kionekane sawasawa. Dada alipomvika alicheka, mara ya kwanza baada ya siku nne. Mimi nilikuwa nimependekeza nywele ziachwe zikue upande mmoja nije nizichonge kisanii, na hakuna aliyecheka. Nikaitazama ile kofia na pamba yake, nikaona kama nimetiwa pilipili machoni. Hata kwa kichwa, kazi yangu mimi, bado mshindi ni yeye!

Hapo ndipo nilipochukua kalamu.

Uliwahi kuniuliza mbona mkwe wako havui kofia. Nilikuwa najua jibu wakati ule na sikukujibu, kwa sababu mimi peke yangu ndiye ninayemnyoa, mlango umefungwa. Kisogoni pake kuna bonde. Ukiweka punje ya mahindi itakaa isianguke. Siku ya kwanza nilipomnyoa alinieleza kwamba shuleni walimwita Mteremko, walikuwa wanajifanya kuteleza kila akipita, na tangu darasa la nne hajakaa kichwa wazi mbele ya mtu. Aliniambia hayo kwa sababu kinyozi hasemi alichokiona. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yetu, hata kabla ya kunoa. Na mimi nikaiandika yote kwako. Nikasema mjukuu wako ameharibika kichwa, na kasoro imetoka upande wa baba, nimeiona kwa macho yangu chini ya kofia. Nilijua utafanya nini, Mama. Nawe hukuniangusha.

Barua yako ilifika Jumanne. Dada alikuwa ananyonyesha, akamwomba shemeji asome yeye, kama kawaida yao. Akasoma salamu. Akasoma habari za kuku. Akafika pale uliposema kwamba ungeambiwa mapema kuwa ukoo wake una vichwa vya namna hiyo ungeuliza maswali kabla ya harusi. Kwamba mwisho wa mwezi unakuja kukaa na wazee wa upande wake wakueleze vizuri. Na ikibidi utamchukua binti yako na mjukuu wako wakapumzike kwako. Aliisoma yote. Hakuruka neno. Sauti haikupanda wala haikushuka, utadhani anamsomea mtu vipimo vya mikono na kiuno. Akaikunja mara nne akampa dada. Hakunitazama. Nilimsubiri anitazame ili nipate pa kumkasirikia, hakunitazama.

Kisha akavua kofia mchana kweupe, mbele ya dada na mbele yangu, akauchukua mkono wa dada akauweka kisogoni. Akasema ni kweli, liko hapa, na kama ndilo alilompa mtoto basi anaomba asamehewe. Dada akamjibu kwamba bonde hilo analijua tangu mwaka wa harusi, maana usingizi hauvai kofia. Wakabaki hivyo, mkono kichwani, mtoto katikati yao ananyonya. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka pale, Mama, na sijawahi kuwa mbali na watu kama siku ile. Nikachukua ufagio nikafagia nywele ambazo nilikuwa nimeshazifagia.

Alhamisi tukaenda kliniki sote. Nesi alikuwa mama mmoja mnene, miwani ameifunga kwa uzi shingoni, anaongea na watoto kama na wakubwa na wakubwa kama na watoto. Alimkagua Bwana Mkubwa utosi, akapapasa mifupa ya kichwa yote, akamgeuza shingo kulia, sawa. Akamgeuza kushoto, mtoto akapiga ukelele. Akamwambia dada afute machozi, akili ya mwanawe haina neno. Alisema kichwa cha mtoto ni kama udongo wa mfinyanzi, hukaa unavyolazwa, na huyu amelazwa akitazama upande mmoja wiki nyingi mpaka na shingo imekaza. Alisema haya si mambo ya urithi, akamnyooshea kidole shemeji, aliyekuwa amevua kofia amwonyeshe bonde lake, kwamba aivae atulie, hahusiki. Kikishughulikiwa sasa kitajaa chenyewe taratibu. Akiwa macho alazwe kifudifudi mtu akiwa karibu, shingo inyooshwe polepole kila akibadilishwa nepi, na aitwe kutoka upande asioupenda.

Ndipo akauliza upande huo asioupenda kuna nini. Shemeji akajibu kwamba upande huo yuko yeye na cherehani yake.

Nesi akauliza tena kama kuna kitu chochote kinachomzuia mtoto kugeuka. Dada akasema hakuna. Shemeji akasema hakuna. Mimi nilikuwa nasoma bango la ukutani la kunawa mikono. Nililisoma mara tatu, na unajua ninavyosoma.

Kesho yake asubuhi shemeji aliinua cherehani, akaitoa nje, akaiweka barazani, upande wa pili wa dirisha lilelile. Alisema kelele zake ndizo zilizomgeuza mtoto shingo, afadhali ampishe. Huko jua linampiga kuanzia saa nne, inabidi avifunike vitambaa vya watu visipauke, na uzi anautunga amefumba jicho moja. Akaniambia kwa kuwa mtoto mimi ndiye ananipenda, nihamishie kiti changu penye dirisha, ili ageuke kunifuata. Mwanga wake akanipa mimi! Chumba chote kikawa changu, na mtoto wangu, na kutwa nzima yangu. Nilisimama katikati kama jogoo aliyebaki peke yake baada ya wenzake kuchinjwa: uwanja wote ni wake, na hana wa kumwikia.

Kiti sikukihamisha. Nilikuwa bado nimesimama palepale penye mlango, mtoto ananitazama kwa mazoea, nikaanza kumpigia mluzi. Huko nje kanyagio likaanza, taka-taka-taka. Yalitangulia macho, yakaenda pembeni kabisa mpaka weupe ukabaki. Kisha kidevu kikafuata. Akafika katikati, shingo ikakataa, akalia, akarudi. Akapumzika. Akajaribu tena. Ncha ya pua ilimtoka jasho, Mama. Kitoto cha miezi minne na ushei kinafanya kazi ya kubeba magunia, kisa kimwone baba yake. Mluzi ulinikauka mdomoni.

Sasa neno lenyewe. Kaa chini.

Bwana Mkubwa hakuwahi kunichagua. Nilimlazimisha. Kila asubuhi, shemeji akishainamia kazi, nilichukua taulo langu moja la kazini, nikalikunja likawa gumu, kama ninavyolikunja la kumwekea shingoni mteja asiyetulia, nikalilaza kushoto kwa mtoto, kuanzia sikioni mpaka begani. Akitaka kugeukia dirisha, anagonga taulo, anarudi kwangu. Dada akikaribia kutoka kazini, nalitoa. Wiki saba. Siku moja shemeji aliliona, akadhani namkinga mwanawe na upepo wa dirishani, akanishukuru. Nami nikasema asante nimeipokea.

Kwamba kichwa kitabonyea sikujua, naapa kwa mikono inayonilisha. Mimi ninaowashika ni watu wazima. Vichwa vyao vilishakaa vikakaa. Nilidhani kichwa ni kichwa. Najiita Daktari wa Vichwa, mpaka kibao nimeandikisha, na sikujua jambo moja ambalo nesi analijua kwa kidole. Hilo ungeweza kunisamehe. Lakini siku ile ya beseni, nilipopitisha kiganja changu pale bapa, nilijua. Nilijua palepale, dada analia. Na bado niliweka taulo siku tisa zaidi, na katika siku hizo tisa ndipo nilipokuandikia wewe kwamba ni kichwa cha baba yake. Ningeliondoa, angegeuka kwake, na nisingeweza kuvumilia kuona.

Tangu kliniki sijaliweka tena. Leo asubuhi nimekisukuma kitanda mpaka chini ya dirisha. Shemeji aliingiza uso baina ya nondo kumwita mwanawe, na Bwana Mkubwa akageuka, si sana, robo tatu ya njia, akamcheka baba yake kwa ufizi mtupu. Shemeji anasema dawa ya nesi inafanya kazi. Jumapili iliyopita futi ilikuwa ileile, haikupungua hata uzi, tusubiri. Na usidhani nimekuwa malaika. Alipomcheka, nilisikia kitu kikinikwaruza humu kifuani, kilekile. Wivu haujaisha, Mama. Hata kikombe cha bluu bado nakitaka.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, mwisho wa mwezi njoo, lakini usije na kikao. Wazee wa watu hawana la kukueleza, la kueleza ninalo mimi. La pili, ukifika mlangoni msalimie mkwe wako kabla yangu. Yuko barazani, utamkuta juani. Mimi utanikuta ndani nimejificha nyuma ya mteja.

Utauliza dada ameambiwa. Bado. Na shemeji? Hapo ndipo penyewe. Nimejaribu mara mbili kwa mdomo, lakini mdomo wangu unajua kutania tu: nikianza, linageuka mzaha, dada anacheka, linapita. Kwa hiyo nimeliandika. Sasa hivi mteja wangu yuko kitini na povu nusu uso, nimemwambia dawa inaingia. Nikimaliza kutia sahihi nitatoka barazani nimpe shemeji barua hii, nimwombe aipitie kama alivyokuwa akizipitia zote, halafu aipeleke posta akienda kununua uzi. Sitasema zaidi.

Basi itazame vizuri ikifika. Ukiona imejaa alama za penseli nyekundu, ujue ameisoma yote mpaka hapa, na kwamba pamoja na hayo yote ameniwekea herufi zangu sawa. Zikikoma katikati, ujue ameshindwa kuendelea, na sitamlaumu. Na ikikufikia safi, haina alama hata moja, kwa mwandiko wangu huu unaoujua, basi ujue sikumpa, nilimkimbia nikaipeleka posta kwa miguu yangu. Hapo njoo na fimbo, na usimsalimie mtu yeyote kabla yangu.

Nisalimie goti. Msalimie jirani na kuku wake wote kasoro yule anayedonoa. Bwana Mkubwa anakuamkia, na leo anakuamkia akitazama upande wa dirisha.

Ni mimi mwanao, kitindamimba wako,
Kinyozi wa upande wa mlango.